Gari inagonga mbele ikiingia shimoni? Pima linki za stabilaiza kabla hujanunua shokapu

Gari inatoka Kiuyu Mbuyuni asubuhi, imejaa. Abiria ndani, mizigo juu ya keria. Ikifika penye mashimo, mbele upande mmoja kunaanza: ko, ko, ko. Ikipanda lami laini, kimya. Usukani uko sawa, breki ziko sawa, tairi hazijaliwa upande. Lakini kila shimo ni ko.

Madereva wengi wakiisikia sauti hiyo, neno la kwanza ni moja tu: "Shokapu zishakufa." Pesa zinakusanywa, shokapu mbili zinaagizwa, zinafungwa. Siku ya pili gari inapita njia ile ile na sauti iko pale pale.

Hapo ndipo watu wanapopigwa, na mara nyingine hata fundi hakukusudia. Kitu kilichokuwa kinagonga ni kifimbo kidogo cha chuma, chepesi, cha bei ndogo kuliko shokapu. Mafundi wanakiita linki ya stabilaiza.

Kwa mtu wa Kisiwani Pemba, na hasa aliye mbali na maduka ya spea, kukosea kunauma mara mbili. Spea isipopatikana Wete au Chake Chake inabidi isubiriwe ivuke bahari kutoka Unguja au Dar es Salaam. Ukiagiza kisichohitajika, umelipa, umesubiri, na gari haijapona.

Habari njema ni kwamba linki inapimika kwa mkono, bila mashine, kwa muda mfupi.

Linki ya stabilaiza ni nini?

Chini ya gari nyingi, mbele, kuna chuma kirefu cha mviringo kinachopita kutoka upande wa kushoto mpaka wa kulia. Kimepinda kama herufi U iliyotanuliwa. Hicho ndicho stabilaiza. Katikati kimeshikwa kwenye gari kwa bushi mbili za mpira. Kila ncha yake imeungwa na upande wa tairi kwa kifimbo kimoja. Kifimbo hicho ndicho linki.

Kwenye gari nyingi ndogo za Kijapani, linki inatoka kwenye ncha ya stabilaiza na kupanda hadi kwenye mwili wa shokapu. Kila mwisho una kiungo cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, kimejazwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Gari nyingine, hasa za zamani, zinatumia bolti ndefu iliyopita katikati ya bushi za mpira na washa. Umbo tofauti, kazi moja.

Wazo lenyewe si geni. Mkanada Stephen Coleman alipewa hataza ya chuma cha aina hii mwaka 1919.

Inafanya kazi gani?

Gari ikikata kona ya kulia, bodi inalalia kushoto. Stabilaiza inajisokota na kukataa: inazuia upande wa kushoto usizame sana na wa kulia usinyanyuke sana. Nguvu hiyo yote inapita kwenye zile linki mbili.

Linki moja ikikatika, stabilaiza nzima haina kazi tena. Ncha moja imeshikwa, nyingine inaning'inia. Haisokoti kitu.

Pemba si tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja. Ni vilima na mabonde, na barabara zinakwenda kwa kona. Gari yenye abiria na mzigo mzito juu ya keria, iwe magunia ya mwani au ya karafuu, tayari inataka kulala kwenye kona. Ukiiondolea stabilaiza, inalala zaidi. Dereva aliyezoea kuingia kona ile kwa mwendo ule ule atashtuka siku ambayo lazima akwepe kitu ghafla.

Kwa hiyo sauti ya linki si kelele tu ya kuvumilia kwa kuongeza sauti ya redio.

Kwa nini zinakufa haraka?

Sababu ya kwanza ni njia. Shimo linalopiga tairi moja huku nyingine iko juu ndilo linaloipa linki kazi ngumu. Upande wa Micheweni ardhi ni ya maweni, mawe yanachomoza, na tairi moja inapanda huku nyingine inashuka kila baada ya hatua chache.

Sababu ya pili ni mpira. Ule mpira unaofunika kiungo ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Kuanzia hapo chuma kinasaga chuma.

Sababu ya tatu ni chumvi. Gari inayolala karibu na pwani inapata kutu chini hata kama haijakanyaga maji ya bahari. Na gari nyingi zinakuja zikiwa zimetumika Japani, ambako maeneo ya theluji hunyunyiziwa chumvi barabarani wakati wa baridi. Nyingine zinafika na kutu tayari.

Kipimo cha 1: tuta na shimo

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na kinatokana na namna stabilaiza inavyofanya kazi.

Pita polepole juu ya tuta lililonyooka, tairi zote mbili za mbele zipande kwa pamoja. Pande zote zikipanda sawa, stabilaiza inazunguka tu ndani ya bushi zake. Haisokotwi, na linki hazibebi nguvu kubwa.

Halafu pita polepole penye mashimo madogo, tairi moja iingie, nyingine ibaki juu. Sasa stabilaiza inasokotwa na linki zinavutwa na kusukumwa.

Kama tuta lilipita karibu kimya na mashimo yakaleta ko, ko, ko, shuku linki kwanza. Kama inagonga kotekote, shokapu au mpira wake wa juu unaingia kwenye orodha.

Dalili nyingine: kelele inasikika zaidi gari ikienda taratibu kwenye njia mbovu, na inaweza kupungua au kupotea ukiwa katikati ya kona ndefu, kwa sababu linki imebanwa upande mmoja na haina nafasi ya kucheza.

Kipimo hiki si hukumu. Kinakuonyesha pa kuanzia.

Kipimo cha 2: mkono

Egesha gari pahali tambarare. Zima injini, vuta hendibreki, weka jiwe au kabari nyuma ya tairi. Zungusha usukani mpaka mwisho ili upate nafasi ya kupitisha mkono nyuma ya tairi.

Ishike linki na uitikise kwa nguvu, juu na chini, kisha mbele na nyuma. Linki nzima inaweza kujigeuza kidogo kwenye viungo vyake, lakini haitoi sauti na haichezi. Ukisikia "tak" au ukihisi kilegevu, imekwisha.

Hapa kuna kosa linalofanywa sana: kupiga jeki upande mmoja, kisha kuipima. Tairi moja ikining'inia na nyingine iko chini, stabilaiza imesokotwa na inaibana linki. Linki mbovu itaonekana ngumu kama mpya. Ipime gari ikiwa imesimama kwa tairi zote, au tairi zote mbili za mbele zikiwa hewani juu ya stendi.

Ukiwa na mtu wa pili, yeye aisukume gari kwa ubavu iyumbe kushoto na kulia, wewe ukiwa umegusa linki kwa vidole. Mgongano wa ndani unausikia kwenye vidole kabla ya masikio. Vidole viwe kwenye fimbo, visiingie kati ya vyuma.

Kipimo cha 3: macho

Angalia mpira wa kila kiungo. Umechanika? Kuna grisi imetapakaa na kushika vumbi? Kuna unga wa kutu mwekundu pembeni ya kiungo? Kwenye linki za bolti ndefu, bushi imepasuka au imeliwa mpaka washa inacheza?

Angalia pia bushi mbili za katikati ya stabilaiza. Zikikauka zinalia kama mlango wa zamani, zikilika zinatoa mgongo mzito. Nazo ni rahisi kubadilisha, na watu huzisahau.

Kipimo cha 4: kufungua kwa muda

Mafundi wazoefu wana njia ya kumaliza ubishi. Wanafungua linki zote mbili, wanazitoa, wanahakikisha ncha za stabilaiza hazigusi tairi, paipu ya breki wala mpira wa sivijointi, kisha wanaendesha gari polepole kipande kifupi, bila abiria.

Sauti ikipotea, jibu limepatikana. Ikibaki, linki hazina hatia, na pesa haijapotea bado. Gari ikiwa katika hali hiyo isipelekwe safari, maana italala sana kwenye kona.

Kama si linki, ni nini?

Hapa usiruke. Sauti ya linki inafanana na sauti ya vitu vingine, na kimoja kati yao kinaweza kuua.

- Boljointi. Nyanyua tairi, ishike juu na chini, itikise. Ikicheza, mwombe mtu achungulie panapocheza, kwa sababu beringi ya tairi nayo inacheza hivyo. Ikiwa ni boljointi, gari isiondoke. Boljointi ikichomoka, tairi inalala na usukani hauna kazi tena.
- Tairodi endi. Shika tairi kushoto na kulia, itikise. Ikicheza pamoja na fimbo ya usukani, hiyo nayo ni hatari. Isisubiri.
- Shokapu. Inavuja mafuta, na gari ikipita kwenye tuta inaendelea kudundadunda badala ya kutulia.
- Mpira wa juu wa shokapu. Sauti inatoka juu, karibu na boneti, na springi inaruka kwa kushtuka ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama.
- Sivijointi. Inatoa "tak tak tak" ukikata kona huku umekanyaga mafuta.

Linki iliyokatika peke yake haiachishi tairi. Gari inaweza kurudi nyumbani au kufika gereji kwa mwendo wa taratibu. Lakini kama kipande kimekatika na kinaning'inia, kifungwe kwa waya au kiondolewe kabisa kwanza, kisije kukata paipu ya breki au kuchana tairi.

Kuagiza bila kukosea

Linki zinafanana kwa macho, lakini urefu, unene wa bolti na upande wa viungo vinatofautiana. Gari mbili za jina moja zinaweza kutumia linki tofauti kwa sababu ya mwaka au injini.

Piga picha linki ya zamani ikiwa pembeni ya rula. Piga picha ya kibati chenye namba ya chesesi. Tuma vyote kwa WhatsApp kwa muuza spea, awe Wete, Chake, Unguja au Gerezani kule Kariakoo. Useme ni za mbele au za nyuma, maana gari nyingine zina stabilaiza pande zote mbili.

Ikifika, igeuze kwa mkono. Kiungo kipya kinakuwa kigumu lakini kinazunguka laini, hakianguki chenyewe. Mpira usiwe na mkunjo wala ufa. Linki ya mtumba si ya kununua: uchakavu uko ndani, hauonekani.

Nunua jozi. Ya pili imepita mashimo yale yale.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Vifaa: jeki, stendi mbili, spana ya tairi, spana za 14 na 17 ambazo ndizo zinazotumika kwenye Toyota nyingi, aleni ya milimita 5 na 6, brashi ya waya, na mafuta ya kulegeza kutu.

1. Jioni ya kabla, piga brashi kwenye nyuzi za bolti, kisha nyunyiza mafuta ya kutu. Rudia asubuhi. Hatua hii inaokoa saa nzima.

2. Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini. Weka kabari tairi za nyuma. Nyanyua mbele, weka stendi mbili pahali pagumu pa chesesi, shusha gari ikae juu yake. Kama ni mchanga, tanguliza ubao mpana chini ya jeki na chini ya stendi.

Usikubali kutumia tofali au jiwe la matumbawe badala ya stendi. Linaonekana gumu, lakini linapasuka bila kutoa taarifa, na aliye chini hana pa kukimbilia. Jeki peke yake nayo haitoshi.

3. Toa tairi zote mbili za mbele. Zikining'inia sawasawa, stabilaiza haijasokotwa na linki zinatoka kwa urahisi.

4. Fungua nati. Bolti ya linki ina tundu la pembe sita katikati. Ingiza aleni kuishikilia isizunguke, huku spana ikifungua nati. Bila aleni, kiungo kizima kitazunguka pamoja na nati na utashinda hapo mpaka Magharibi.

5. Ikigoma, ikate. Tundu likilika, tumia msumeno wa chuma au grenda. Vaa miwani, funika paipu ya breki na mpira wa sivijointi kwa kitambaa kizito kilicholowa maji, na kata linki, si stabilaiza. Linki ya zamani inatupwa, kwa hiyo hakuna cha kuhurumia.

6. Linganisha mpya na ya zamani. Urefu sawa? Bolti zinaangalia upande uleule? Nyingine zina alama ya kushoto na kulia.

7. Funga kwa vidole kwanza. Nati zote mbili zianze kwa mkono, ndipo spana. Kama stabilaiza haifiki, isukume kwa taimbo taratibu. Tumia nati mpya zilizokuja na linki, kwa sababu zimetengenezwa kujibana na zikitumika mara ya pili hazishiki vizuri.

8. Kaza kwa kiasi. Kitabu cha gari kina kipimo chake. Toyota Corolla NZE121, kwa mfano, ni Nm 74. Anayetumia nguvu zote juu ya bomba refu anavunja bolti. Anayeogopa anaacha nati ikilegea na sauti inarudi ndani ya wiki.

Kwa linki za bushi na bolti ndefu, kaza mwisho gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, mpaka mpira unaanza kutanuka kufikia ukingo wa washa. Usizidishe.

9. Rudisha tairi. Kaza nati kwa kupishana, si kwa kufuatana. Shusha gari, kaza tena. Baada ya safari ya kwanza au ya pili, zikague zote upya: za tairi na za linki.

Unahitaji alaimenti?

Hapana. Linki haishiki pembe ya tairi. Kuibadilisha hakupindui usukani wala hakuli tairi. Anayekuambia lazima ulipie alaimenti kwa sababu ya linki, muulize amegusa nini kingine.

Kama unampelekea fundi

Si kila mtu ana stendi, na si lazima ujifunge mwenyewe. Ila ingia gerejini ukijua. Iwe umetoka Kiuyu Mbuyuni kwenda Micheweni, au Kiuyu Minungwini na Kigongoni kwenda Wete, maneno ni haya:

"Fundi, inagonga tairi moja ikiingia shimoni, kwenye tuta haigongi. Kabla hatujagusa shokapu, tuzitikise linki kwanza, tairi zote zikiwa chini. Na boljointi nazo tuziangalie."

Fundi mzuri hatakasirika. Atajua umempunguzia kazi. Mwombe pia akupe linki za zamani uone kwa macho kilichokuwa kinacheza.

Baada ya kufunga, rudi kwenye njia ile ile iliyokuwa inagonga, kwa mwendo ule ule. Ikiwa kimya, kazi imekwisha. Ikigonga bado, usinunue kitu. Rudi kwenye orodha, anza na boljointi.